Namba Sifuri ya Mkurugenzi Mkuu

Umma ulitangaziwa, kwa tangazo lenye mihuri mitatu lililobandikwa langoni, ndani ya lifti na juu ya birika la chai, kwamba kuanzia Jumatatu ya tarehe mosi hakuna kifaa chochote kitakachoruhusiwa kumkatiza Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, bila kibali cha maandishi. Enzi za kukatizana kiholela zilikuwa zimekwisha. Kibodi, vichapishi, milango na kengele vilitakiwa kuwasilisha maombi kwa Kamati ya Ugawaji wa Namba za Kukatiza, nakala nne, na kifaa ambacho kingebainika kuendelea kubisha hodi bila namba kingechukuliwa hatua kali, ikiwemo kuchomolewa.

Tangazo hilo lilipokelewa vizuri. Mamlaka ya Mfumo Endeshi ilikuwa imekabidhiwa kazi nzito ya kutengeneza mfumo mmoja wa kompyuta utakaotumiwa na ofisi zote za serikali, na kwa kuanzia ilikuwa ikiujaribu katika jengo lake lenyewe la ghorofa nne. Milango, lifti, taa, saa za ukutani, mahudhurio ya watumishi, likizo zao na siku zao za kustaafu, vyote vilisimamiwa na kompyuta moja kubwa iliyokaa chumba cha chini, ikipulizwa na kiyoyozi ambacho hakuna mtumishi aliyewahi kukipata. Jambo kubwa namna hiyo haliwezi kuachwa likatizwe na kila mtu.

Aliyenuna alikuwa mmoja tu, mwanamke wa ghorofa ya pili, fundi wa viendeshi. Kiendeshi ni programu ndogo inayokiwezesha kifaa kuelewana na kompyuta, na karibu vyote vilivyokuwemo jengoni aliviandika yeye. Mimba yake ilikuwa katika mwezi wa tisa, kwa hiyo jengo zima, kuanzia mlinzi wa lango, lilikuwa limeliweka kando jina lake na kumwita Mama Kijacho. Likizo yake ya uzazi ilipangwa kuanza tarehe kumi na tano. Mtoto alitarajiwa tarehe ishirini. Alikuwa amejibakizia siku tano za kulala chali na kuinua miguu, na siku hizo tano alikuwa akiziota hata akiwa macho.

Mwenyekiti wa Kamati alikuwa Msajili wa Namba, mtu nadhifu mwenye kalamu mbili mfukoni, ambaye kabla ya hapo aligawa nafasi za kuegesha magari kwa miaka kumi na moja bila lawama. Hakuona tofauti kubwa. Nafasi za magari zilikuwa kumi na sita, na namba za kukatiza nazo, kuanzia sifuri hadi kumi na tano, zilikuwa kumi na sita. Mwenye cheo kikubwa aliegesha karibu na mlango. Msajili alipoambiwa kwamba Prosesa humsikiliza kwanza mwenye namba ndogo, aliielewa kompyuta papo hapo.

"Tuanze na Mkurugenzi Mkuu," alisema kikaoni, akikunjua ramani ya namba, ambayo kwa kweli ilikuwa ramani ya maegesho iliyofutwa magari. "Mheshimiwa ana kengele ya mezani ya kumwitia katibu muhtasi. Kengele hiyo itapewa sifuri."

Mama Kijacho alinyoosha mkono. "Sifuri ina mwenyewe, Msajili."

"Nani?"

"Saa. Saa ya mashine. Ni kidude kidogo kimo ndani ya kompyuta. Kila dakika kinabisha hodi kwenye sifuri, mara moja tu, na kiini cha mfumo kinaongeza dakika moja. Ndivyo mfumo unavyojua kwamba muda umekwenda."

"Ana cheo gani?"

"Hana cheo."

"Aliajiriwa lini?"

"Msajili, ni saa."

"Nimekusikia. Hana cheo, hana barua ya ajira, na amekalia sifuri." Msajili aliwatazama wajumbe kwa masikitiko ya mtu aliyekuta baiskeli imeegeshwa mahali pa gari la bosi. "Atahamishwa."

Tatizo lilikuwa mahali pa kumhamishia. Namba moja ilikuwa ya feni ya Naibu Mkurugenzi. Mbili ilikuwa ya taa ya kusomea ya Naibu huyohuyo, maana alikuwa mtu wa kusoma. Tatu ilikuwa ya luninga ya chumba cha wageni, na ziliendelea hivyo, kila namba na mkubwa wake, hadi kumi na tano, ambapo kibodi zote za jengo, lifti na mashine ya kunakili zilibanwa pamoja kwa sababu zilitumiwa na watu wa kawaida. Mtu akibonyeza herufi moja, lifti na mashine ya kunakili zililazimika kuamka na kujibu, kila moja kwa wakati wake, "si mimi." Saa ikawekwa kwenye orodha ya wanaosubiri. Msajili hakuwa mtu katili. Aliiweka nafasi ya kwanza.

"Kiini kimeandikwa kwamba anayebisha sifuri ndiye saa," Mama Kijacho alisema tena. "Hakiulizi ni nani. Mkiweka kengele pale, kila Mheshimiwa akiibonyeza, dakika moja itaongezeka. Asipoibonyeza, muda utasimama."

Mjumbe mmoja alikohoa. Msajili aliandika jambo hilo polepole, kwa mwandiko mzuri.

"Unataka kusema muda utakuwa unamsubiri Mkurugenzi Mkuu?"

"Ndiyo."

"Hilo halina ubaya. Sisi sote tunamsubiri."

Azimio likapita. Kukibadilisha kiini kulihitaji sahihi saba, na sita kati ya hizo zilikuwa za watu waliokwisha kupata namba. Kengele ikafungwa kioo cha kusoma alama ya kidole, ili asije mtu wa hovyo akaichezea sifuri, na kidole kilichoandikishwa kilikuwa kimoja, cha shahada, cha mkono wa kulia wa Mkurugenzi Mkuu.

Jumatatu ya kwanza Mheshimiwa alibonyeza mara mia moja na arobaini na nane. Aliitisha chai, aliitisha gazeti, aliitisha mtu wa kufunga dirisha, kisha mtu wa kulifungua. Jua lilipozama, saa zote za ukutani zilionyesha saa nne na nusu asubuhi, na mashine ya mahudhurio langoni ilikataa kumtoa mtu, ikisema kwa adabu kwamba muda wa kazi bado.

Uongozi haukulala. Kabla giza halijaingia ulitoka waraka: mtumishi yeyote anaruhusiwa kutoka kwa dharura fupi isiyozidi dakika moja, kwa saa ya mfumo, baada ya kutia sahihi kwenye daftari la lango. Watu wakatia sahihi, wakaenda makwao, wakala, wakalala, wakaoga, wakabishana na waume na wake zao, wakarudi asubuhi. Kwa kuwa usiku kucha hakuna aliyebonyeza kengele, wote walihesabika kuwa walitoka kwa chini ya dakika moja. Kiwango cha nidhamu jengoni hakijawahi kuwa juu namna ile.

Mwisho wa wiki ya kwanza, nje ilikuwa tarehe tano na ndani ilikuwa bado tarehe mosi. Mama Kijacho alipiga hesabu kwenye karatasi, kisha akairudia. Kwa mwendo ule, likizo yake ingeanza mtoto akiwa amekwisha jifunza kukaa. Na asingeweza kujiondokea tu, kwani mtumishi asiyeonekana kwa siku tatu mfululizo bila likizo alifutwa na mfumo wenyewe, pasipo kuulizwa. Kazi hiyo alikuwa ameifanya kwa miaka tisa. Aliipenda, jambo ambalo hakumwambia mtu.

Aliyemwokoa kwa muda alikuwa katibu muhtasi wa Mkurugenzi Mkuu, mama mmoja mnene wa vicheko ambaye watu wote walimwita Shangazi.

"Tatizo ni kubonyeza?" Shangazi aliuliza. "Mwanangu, yule mzee akiudhiwa anabonyeza kama anaua mbu. Niachie mimi."

Jumatatu iliyofuata likaanza zoezi ambalo halikuandikwa popote. Chai ya Mheshimiwa ilikwenda bila sukari. Akabonyeza. Ikaja sukari bila kijiko. Akabonyeza. Kikaja kijiko, na pamoja nacho fundi wa taa aliyetaka kujua kama taa ya Mheshimiwa inawaka, kisha mhasibu aliyepotea njia, kisha mtu wa masjala aliyekuja kuomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya na hakutaka kuondoka mpaka asamehewe. Kila mmoja alihitaji kuitiwa Shangazi amtoe. Zamu zilipangwa kwa penseli nyuma ya mlango wa stoo. Watu ambao kwa miaka hawakusalimiana waligawana muda wa kumkera bosi kwa upendo mkubwa, yote hiyo ili tarehe kumi na tano imfikie mwenzao. Siku mbaya walipata mibonyezo mia nne, siku nzuri zaidi ya mia tano. Alhamisi, jua likiwa utosini, taa zote zilizimika kwa kuwa mfumo uliamini ni usiku wa manane, na mlinzi akazunguka jengo na tochi, maana kazi ni kazi.

Lakini ilipofika Ijumaa, nje tarehe kumi na mbili, ndani walikuwa wamefika tarehe tatu, saa tano na dakika kumi na saba asubuhi. Mama Kijacho akaona bora amweleze Mheshimiwa uso kwa uso. Lifti ilikuwa ikijibu kibodi za ghorofa ya tatu, kwa hiyo alipanda ngazi, akipumzika kila kituo.

Mkurugenzi Mkuu alimkaribisha vizuri. Alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti laini, asiye na ubaya na mtu ambaye hamjui.

"Keti, binti yangu. Tatizo nini?"

"Mheshimiwa, nje leo ni tarehe kumi na mbili. Humu ndani ni tarehe tatu, maana muda unasogea pale tu unapobonyeza kengele. Mambo yote yenye tarehe yamekwama. Likizo zimekwama, vyeo vimekwama, hata kustaafu..."

Akajing'ata ulimi, lakini neno lilikwisha toka.

"Kustaafu," Mkurugenzi Mkuu alisema, kama mtu aliyeonjeshwa kitu kitamu. "Mimi natimiza sitini tarehe thelathini ya mwezi huu."

"Hongera, mzee."

"Kwa hiyo tarehe thelathini haipo karibu."

"Kwa mfumo, haipo karibu."

"Na nisipobonyeza?"

Mkono wa Mheshimiwa ulikuwa njiani kuelekea kengele, kumwita Shangazi aje kumtoa mgeni. Ukasita hewani. Akaurudisha taratibu, akauweka mapajani na kuufunika kwa mkono wa pili.

"Shangazi!" aliita kwa mdomo, mara ya kwanza katika miaka mingi, na Shangazi aliyekuwa chumba cha nje alishtuka akamwaga wino.

Baada ya hapo kengele haikubonyezwa tena. Zamu zote ziliendelea, tena kwa bidii, lakini Mheshimiwa aligeuka mvumilivu ajabu. Alikunywa chai ya chumvi akaisifu. Wageni wasioondoka aliwaacha wakae, akawasimulia ujana wake mpaka wakaondoka wenyewe.

Siku ambayo nje ilikuwa tarehe kumi na tano, Mama Kijacho alikwenda kwa Msajili.

"Leo likizo yangu inaanza."

"Leo wapi?"

"Nje."

"Likizo uliombea nje au ndani?"

"Msajili, mtoto huyu anazaliwa wiki hii. Yeye hajui mambo ya mfumo."

"Basi ajulishwe mapema," Msajili alisema kwa upole, akivuta saraka. "Kuna fomu."

Alitoka pale akalia chooni, kilio cha hasira, akanawa uso na kurudi kwenye kibodi yake. Lifti ilipanda na kushuka mchana kutwa kwa jinsi alivyoigonga.

Alhamisi, saa nne hivi kwa jua, uchungu ulimshika akiwa katikati ya mstari wa programu. Akaumaliza mstari. Akavaa viatu, akashuka ngazi mguu mosi mguu pili hadi langoni, na hapo, akiwa ameshika ukingo wa meza ya mlinzi akisubiri maumivu yapite, aliliona daftari la dharura fupi likiwa wazi mbele yake. Akaangalia saa ya ukutani. Saa tano na dakika kumi na saba, tarehe tatu, tangu wiki iliyopita. Katikati ya maumivu yake akaanza kucheka.

"Dharura ya muda gani?" mlinzi aliuliza. Alikuwa mwanamke aliyezaa wanne.

"Isiyozidi dakika moja."

Mlinzi alilitazama tumbo. "Mimi wa kwanza alinichukua saa kumi na nane."

"Kwa saa ya wapi, dada?"

Mlinzi alilitazama daftari, akaitazama saa, akamtazama tena mwenzake, na uso wake ukafunguka. "Tia sahihi hapa," alisema. "Mungu akutangulie. Dakika moja ni nyingi sana." Akaenda mwenyewe barabarani kumsimamishia gari.

Mtoto alizaliwa alfajiri ya Ijumaa, msichana, kilo tatu na ushee, mwenye sauti ya kuamsha wodi. Mama yake Mama Kijacho akaja na mabeseni na maagizo. Siku zikapita, halafu wiki, na huko ofisini hakuna kilichotokea, kwa sababu hakukuwa na muda wa kutokea.

Habari zilisambaa. Mhasibu akatia sahihi ya dakika moja, akaenda kwenye harusi ya mdogo wake na kubaki huko kuwazoea wakwe. Fundi wa taa akaenda kumalizia nyumba yake. Mtu wa masjala akaenda kulala, basi, hakuwa na sababu nyingine. Mwishowe Shangazi naye akatia sahihi, akikiacha kikombe cha chumvi mezani kama kumbukumbu. Hakuna aliyeweza kuadhibiwa, maana kwa kumbukumbu rasmi hakuna aliyekuwa nje kwa dakika nzima. Jengoni wakabaki watatu: mlinzi, ambaye alilipenda daftari lake; Msajili, ambaye sasa ndiye aliyepika chai; na Mkurugenzi Mkuu, aliyeketi mikono mapajani, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa usiosogea.

Hapo ndipo barua ilipokuja. Ilitoka wizarani, ambako waliangalia kumbukumbu za mfumo wakaona Mheshimiwa bado yumo kazini akichapa kazi. Kwa kutambua hilo, wizara ilimwongezea miaka miwili na kumpandisha kuwa Mkurugenzi Mkuu Mwandamizi, kuanzia tarehe ya barua, ambayo ilikuwa tarehe mbili ya mwezi uliofuata. Msajili aliiingiza barua kwenye kompyuta kwa heshima zote. Kompyuta ikajibu kwamba barua hiyo bado haijaandikwa.

Akampigia simu Mama Kijacho. Ilikuwa Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, kwa jua.

"Habari za dharura?"

"Nzuri. Inanyonya."

Msajili alimweleza kuhusu barua. Mheshimiwa alikuwa amechoka kukaa, alisema. Hawezi kuajiri mtu, kwani siku ya kuanza kazi haifiki. Hawezi kuitisha kikao. Sasa kwa kuwa barua ipo, haogopi tena kubonyeza. "Tufanyeje barua ipokelewe?"

"Mfumo ufike tarehe mbili. Kibonyezo kimoja dakika moja. Akienda kwa kasi, kimoja kila sekunde, ni siku mbili za kazi."

"Ikifika tarehe mbili, barua itapokelewa?"

"Itapokelewa."

"Vizuri sana," Msajili alisema. "Tunaanza sasa hivi." Akakata simu.

Mama Kijacho alibaki ameishika simu sikioni. Kisha akaruka kutoka kitandani. Muda ukianza kwenda, dakika yake moja imekwisha. Siku tatu za mfumo, kwa kibonyezo kimoja kila sekunde, ni saa moja na dakika kumi na mbili, na hapo jina lake lingefutwa na miaka yake tisa pamoja nalo.

"Unakwenda wapi na mtoto wa wiki mbili na nusu?" mama yake alimaka.

"Kazini, mama. Muda umeanza."

"Umeanza nini?"

Hakukuwa na nafasi ya kueleza. Alimfunga mtoto kifuani, akatuma ujumbe kwa wenzake wote, maneno mawili tu, "MUDA UMEANZA," akatoka mbio na shati aliloligeuza nje ndani. Alipofika langoni saa ya ukutani ilikuwa tarehe tano, saa mbili na dakika tatu asubuhi, na mishale ilikuwa ikizunguka mbele ya macho. Akabandika kidole kwenye mashine ya mahudhurio. Mashine ikamwandikia kwamba amechelewa dakika tatu na kumtaka asirudie.

Nyuma yake wenzake walikuwa wakimiminika, mmoja na rangi ya nyumba mikononi, mmoja angali na nguo za harusi. Kazi ya siku hiyo iliingia katika historia ya Mamlaka. Saa ya kuingia na saa ya kutoka zilitenganishwa na dakika nane. Foleni ya kuingia asubuhi ilipofika mwisho, wa mwanzo walikuwa tayari wamejipanga kutoka jioni. Usiku ulikuwa wa dakika kumi na sita, taa zimezimwa, watu wamesimama gizani wakinong'ona. Taa zikawaka, wakaingia kazini tena. Wikendi ilipofika wakaketi sakafuni kwa zaidi ya saa moja, na mhasibu akasema hajawahi kupumzika vizuri hivyo. Juu, kutoka ghorofa ya nne, ilisikika kengele, kengele, kengele, bila kupoa.

Mtoto alilia. Msajili aliyekuwa akizunguka na orodha ya ukaguzi alisimama.

"Huyu ni nani?"

"Mwanangu."

Msajili alipekua karatasi. "Kwa kumbukumbu zetu hajazaliwa. Wewe bado una mimba mpaka tarehe ishirini."

"Sasa anayelia ni nani, Msajili?"

Msajili alilifikiria swali hilo kwa uaminifu. Akaandika "kelele" kwenye safu ya maoni na kuendelea na safari yake.

Ilikuwa saa nane hivi mchana, kwa jua, mtoto amenyonya mara tatu na ameshabebwa na jengo zima, tarehe kumi na tano ilipofika. Mashine ya mahudhurio ikatoa karatasi: likizo ya uzazi imeanza. Watu walipiga vigelegele gizani na mwangani, maana taa hazikuwa zimeamua. Shangazi alimkumbatia Mama Kijacho mpaka mtoto akalalamika. Machozi yalimtoka mama mzazi huyo, na safari hii hakuyaficha.

Alikuwa akishika njia ya nyumbani alipogeuka na kupanda ngazi hadi ghorofa ya nne. Hakuwa mtu wa kinyongo, au alitaka asiwe. Mkurugenzi Mkuu alikuwa ameinamia kengele, shati limeloa, kidole cha shahada kimevimba kama ndizi. Kando yake kulikuwa na bakuli la maji baridi ambalo hakuwa na nafasi ya kulitumia.

"Mheshimiwa, kuna jambo. Simama hapo ulipofika nikueleze. Kabla ya tarehe mbili kuna tarehe thelathini, na mfumo..."

"Usinikatize!" Mkurugenzi Mkuu alisema bila kuinua uso.

"Mzee, ni sentensi moja tu."

"Nimesema usinikatize. Una namba wewe?"

Mama Kijacho hakuwa na namba. Akamtakia kazi njema, akashuka, akaenda nyumbani kulala na mwanawe.

Yaliyofuata alisimuliwa na Shangazi kwa simu. Siku ya pili Mheshimiwa alibonyeza kuanzia asubuhi, amefungwa kidole kwa plasta iliyokatwa tundu mbele. Alipita tarehe ishirini, akapita ishirini na tano. Msajili alikuwa pembeni akimhesabia na kumpepea kwa barua ileile ya wizara. Alasiri, saa za ukutani zilipogonga saa sita kamili usiku wa tarehe thelathini, kengele ikabonyezwa na haikulia. Akabonyeza tena. Kioo cha alama ya kidole kikaandika, kwa herufi za kijani, kwamba mwenye kidole hiki amestaafu, na Mamlaka inamshukuru kwa utumishi wake uliotukuka. Namba sifuri ikarejeshwa kwenye Kamati, na mfumo, bila kuitisha kikao, ukampa aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri.

Dakika moja baadaye saa za ukutani zilisogea dakika moja. Hakuna aliyegusa kitu. Msajili alisimama akizitazama kwa muda mrefu, Shangazi alisema, kama mtu anayemtafuta wa kumwandikia barua ya onyo.

Tarehe mbili ilifika yenyewe, na barua ikapokelewa kama Mama Kijacho alivyoahidi. Mfumo ulimtafuta mtumishi mwenye jina hilo ili umwongezee miaka miwili. Haukumpata, ukaifungia barua kwenye jalada.

Siku ileile simu ya Mama Kijacho iliita. Sauti ilikuwa laini kuliko siku zote.

"Binti yangu, ni mimi. Hujambo? Mtoto hajambo?"

"Hatujambo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Nimeambiwa hakuna mwingine anayekijua kiini. Kuna kitu kidogo tu cha kurekebisha humo, siku chache tu za kurudisha nyuma. Nije nikuchukue na gari?"

"Ningependa, mzee, lakini niko likizo."

"Likizo!" Kwa mbali ile sauti ya zamani ilijaribu kuinuka. "Nani aliyekuidhinishia?"

"Wewe, Mheshimiwa. Dakika kwa dakika, kwa kidole chako mwenyewe."

Mtoto alikuwa amelala begani kwake, mdomo wazi, akinuka maziwa.

"Unarudi lini?" mzee aliuliza hatimaye.

"Baada ya miezi mitatu."

"Na mimi miezi mitatu yote hiyo nifanye nini?"

"Pumzika tu, mzee," Mama Kijacho alimwambia, tena kwa huruma ya kweli. "Itakwisha yenyewe."